Wastaafu wa kigeni wanaisifia Tanga, mbona hawabaki?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi na ndugu zangu wawili tumerithi nyumba ya marehemu baba huko Raskazone, nyumba ya zamani ya ghorofa moja, kibaraza kinatazama bahari. Tunataka kuikarabati tuwapangishe wastaafu wa Kizungu wanaotafuta mahali pa kumalizia uzee wao. Mwaka jana tulipata mume na mke kutoka Ujerumani. Walikaa msimu mzima, wakaisifia Tanga kwa utulivu na samaki wake, kisha tukasikia wamehamia Diani, Kenya. Dalali anatuambia wameondoka kwa sababu hawakuweza kununua. Anashauri mteja mwingine akija tumuuzie kiwanja cha nyuma ajenge, hati ibaki kwa jina la mdogo wetu. Wengine wanasema kikwazo ni vibali. Tufuate lipi?
Msomaji wa Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mzee wako. Nilikuwa masijala ya ardhi mpaka nikastaafu, na majalada ya nyumba za Raskazone nimeyashika mengi, kwa hiyo barua yako nimeisoma kwa moyo wote. Nitaanza na la dalali, maana hilo ndilo litakalowaumiza mapema. Msilifanye.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliopitia sheria ya uwekezaji. Hata kampuni, ikiwa wenye hisa wengi si raia, inahesabiwa kuwa si raia. Mwekezaji anayekubaliwa hapewi hati kama yako. Ardhi inakuwa kwa jina la mamlaka ya uwekezaji ya taifa, ile tuliyozoea kuiita TIC na ambayo tangu mwaka 2025 imeunganishwa na EPZA, mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje, ikawa TISEZA, naye anapewa haki ya kuitumia kwa muda. Mzee wa miaka 68 anayetaka vyumba viwili, jiko na mahali pa kuweka kiti chake si mwekezaji. Mlango huo haukujengwa kwa ajili yake.

Ndipo watu wanapobuni njia ya jina la kuazima. Jalada moja la namna hiyo sijalisahau. Kiwanja kiliandikwa jina la kijana wa hapa hapa mjini, fedha zote za ujenzi zilitoka kwa mgeni, na kati yao kulikuwa na karatasi moja ya makubaliano iliyoandikwa kwa mkono, tena ilichanika kwenye mkunjo. Kijana akafariki kwa ajali. Mjane akaja na watoto, na haki yao, kwa sababu hati inasema ni mali ya marehemu. Mgeni akaja na risiti za saruji na mabati. Risiti za saruji hazimpi mtu ardhi. Mgeni akakosa nyumba, mjane akapata nyumba yenye kesi, na majirani wakagawanyika mpaka leo hawazikani. Ukimwandikia mdogo wako kiwanja kwa mpango huo, unamtengenezea yeye na watoto wake ugomvi wa miaka mingi, na nyinyi wenyewe mtakuwa mmeshiriki kuizunguka sheria ambayo iliwekwa ili watoto wetu wasije wakawa wapangaji kwenye pwani yao. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Naipenda Tanga ipate wageni, lakini si kwa bei ya ardhi.

Sasa tuje kwa Wajerumani wako. Sidhani waliondoka kwa kukosa kununua, maana mstaafu mwenye akili timamu anaweza kupanga nyumba maisha yake yote. Mtu wa umri ule anajiuliza maswali mengine. Nitaruhusiwa kukaa mpaka lini? Nikiugua usiku nitapelekwa wapi? Fedha yangu itanifuata? Nikifa, mwenzangu atabaki na nani? Kila swali lisilo na jibu kwetu linamsogeza Diani.

Kibali kwanza. Sheria yetu ya Uhamiaji ina madaraja matatu ya vibali vya ukaazi. Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B la walioajiriwa, C la wengineo. Mstaafu anaangukia C, pamoja na mwanafunzi, mtafiti, mmisionari na anayejitolea. Kwa hiyo anaweza kukaa kihalali, msimkatishe tamaa kwa maneno ya vijiweni. Ila daraja hilo halikutengenezwa kwa kumfikiria yeye. Kibali kina mwisho, na kila kikiisha anaomba upya. Kijana wa kujitolea haoni shida, amekuja kwa mwaka mmoja. Mzee anayeuza nyumba yake Ulaya ili aje kwako anapiga hesabu ya miaka ishirini.

Tazama majirani. Kenya wana kibali cha daraja K, cha mtu aliyefikisha miaka 35 mwenye kipato cha uhakika kutoka nje kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka. Anajisomea sharti hilo akiwa kwake, anajipima, anajua anaingia au haingii. Na ardhi ya Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, mgeni anaweza kuipanga kwa muda usiozidi miaka 99. Mauritius wana kibali maalumu cha wastaafu kuanzia miaka 50. Thailand nao ni miaka 50, na uwe na baht 800,000 benki au kipato cha 65,000 kwa mwezi. Panama wanaridhika na pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi, nao wanakupa ukaazi wa kudumu pamoja na punguzo la bei mahali pengi. Hawa wamekaa chini wakamwandikia mstaafu sheria yake. Sisi bado, na naona ni jambo wabunge wetu wa mkoa huu wangelibeba bila kugusa Sheria ya Ardhi hata nukta.

Lakini masharti mazuri nayo hayatoshi kama yanabadilika ovyo. Malaysia walikuwa na mpango uliosifiwa sana tangu mwaka 2002. Mwaka 2021 wakapandisha kipato kinachotakiwa kutoka ringgit 10,000 kwa mwezi hadi 40,000, na watu waliokuwa wamejiandaa kwenda wakageukia kwingine, na baadaye serikali yao ikaja kulegeza tena. Ureno kuanzia mwaka 2009 ilivuta wastaafu kwa kutowatoza kodi ya pensheni za nje, mwaka 2020 ikaweka asilimia 10, mwaka 2024 ikaufunga mlango kwa wapya. Mzee akihamishwa na sheria akiwa na miaka 75 hana nguvu ya kuanza upya. Kwa hiyo anachagua nchi anayoamini haitamgeuka. Jambo la kodi lipo kwetu pia. Akikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, sheria ya kodi ya mapato inaanza kumhesabu kama mkaazi, na akizidi miaka miwili ya ukaazi swali la kipato chake cha nje linakuja mezani. Amwone mshauri wa kodi kabla hajauza nyumba ya kwao. Mwambieni hivyo wazi, msimfiche ili tu apange.

Hapo kwenye tiba nitakaa kidogo, kwa sababu naamini ndipo mlipowakosea wageni wenu bila kujua.

Bima ya serikali ya Mjerumani inamhudumia Ulaya. Akihamia Tanga kwa kudumu haimfuati. Mmarekani naye, ile bima ya wazee, Medicare, aliyoichangia maisha yake yote, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya Marekani. Basi anatafuta bima binafsi ya kimataifa, na bima hizo zinapanda bei kadiri umri unavyopanda. Nyingine hazikupokei kabisa ukishavuka umri fulani, au zinakupokea lakini zinauacha nje ugonjwa uliokuja nao. Mtu wa miaka 70 mwenye presha na sukari, hayo mawili ndiyo anayoyahitaji yalipiwe, na ndiyo yanayoachwa nje.

Tuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, tena kwa wakaao Raskazone iko karibu. Kwa malaria, kwa mfupa uliovunjika, kwa kushusha presha, mtu anahudumiwa. Moyo ukihitaji bingwa, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, na saratani inapelekwa Ocean Road, Dar vilevile. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi. Kote huko ni kilomita zaidi ya 300 kwa barabara. Kwa kijana ni safari ya basi. Kwa mzee mwenye kifua kilichobana ni jambo jingine kabisa, na usiku hakuna ndege ya abiria Tanga. Niliwahi kuwa na jirani Mholanzi, mtu mpole, anayejua Kiswahili cha sokoni vizuri. Kwenye mlango wa friji yake alibandika karatasi yenye majina ya dawa zake, kundi la damu, namba ya dereva wa bajaji na namba ya binti yake, vyote kwa herufi kubwa, Kiswahili upande mmoja na Kiholanzi upande wa pili. Usiku alipozidiwa, dereva wa bajaji alifika upesi na daktari aliikuta karatasi ile ikamsaidia. Akapona. Lakini binti yake hakulala tena kwa amani, na mwaka uliofuata alimchukua baba yake akaondoka naye. Hakuna aliyemkosea. Umbali ndio uliomwondoa, na nilisikitika, maana alikuwa mtu wetu, alikuwa anakaa msibani kama sisi.

Kwa hiyo kabla ya kupaka rangi nyumba, fanyeni haya. Mpangaji mzee akae chini, nyinyi mkae juu au mpangishe juu kwa kijana. Ngazi za nyumba zile ni za mwinuko mkali, hazifai kwa goti bovu. Bafuni ondoeni kizingiti, wekeni choo cha kukaa, sakafu isiyoteleza, na bomba la kushikilia ukutani, lichimbiwe ndani ya ukuta wenyewe, lisipigwe misumari kwenye plasta. Maji yawe na simtanki. Umeme uwe na inveta ya kutosha kwa friji, taa na feni, maana anayetumia insulini friji yake haizimwi. Na kama kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, fundi asizipige plasta ya saruji. Unyevu wa chumvi unafungiwa ndani, baada ya masika mbili tatu plasta inavimba na kuanguka vipande vipande. Tumieni chokaa. Fundi wa chokaa wapo bado, waulizeni wazee wa Pangani.

Kodi ya pango iandikeni kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza kupanga na kudai bei kwa fedha za kigeni humu ndani, na dalali atakayewaambia dola ndiyo heshima anawatafutia faini. Mkataba uwe wa maandishi, wa mwaka mzima na kuendelea, na useme wazi mpangaji akifariki au akilazimika kurudi kwao kwa ugonjwa, fedha ya miezi ambayo hajakaa inarudi kwa familia yake. Kipengele hicho kimoja kitawapa sifa kuliko picha yoyote ya machweo. Kisha mpelekeni mkono kwa mkono kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ajulikane. Mzee anayejulikana mtaani akikosa kuonekana asubuhi, watu wanagonga mlango.

SWALI: Bi Mkubwa, mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, ukanda wa Pangani. Wamekuja watu wanaosema wanataka kujenga nyumba za wastaafu wa kigeni ufukweni. Wanataka tuwasainie muhtasari wa kikao kwamba kijiji kimewapa eneo, wao watatujengea zahanati. Je, tunao uwezo huo?
Mjumbe

JIBU: Ndugu mjumbe, usisaini. Asiye raia hapati haki miliki ya kimila katika ardhi ya kijiji, na halmashauri haina uwezo wa kumpa kwa muhtasari. Ili ardhi hiyo iende kwa mwekezaji lazima kwanza ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya kawaida, na mwenye kuihamisha ni Rais. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likifika hapo au kuzidi, Waziri ndiye anayeidhinisha, baada ya kusikia mapendekezo ya mkutano mkuu. Fidia inakubaliwa kabla ya kuhamishwa. Na fahamu kwamba ikishahamishwa haiko mikononi mwa kijiji tena.

Jambo la pili, waulize watajenga umbali gani kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nyumba "ya ufukweni kabisa" waliyowaahidi wateja wao huenda sheria haiiruhusu, na mzee aliyelipia akiwa mbali ndiye atakayekuta alama ya kubomoa.

Zahanati ni haja ya kweli, najua akina mama wenu wanatembea mwendo gani. Lakini isiwe bei ya pwani. Itisheni mkutano mkuu, wavuvi na wachoma chumvi wawepo, afisa ardhi wa wilaya awepo, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.

SWALI: Shikamoo mama. Namlea mzee wa Kiingereza, Raskazone, ni mwaka wa tatu. Napika, nafua, nampa dawa. Hatuna mkataba. Mwaka huu amenipunguzia mshahara, anasema pensheni yake haipandi. Siamini, kwa sababu rafiki yangu aliyeko Uingereza anasema wazee wanaongezewa kila mwaka. Pia ananiahidi akifa vitu vyake vyote ni vyangu. Nifanyeje?
Mlezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi unayofanya ni nzito na nakupa heshima yangu. Mzee hakudanganyi. Uingereza hupandisha pensheni ya serikali kila mwaka kwa waliobaki nyumbani, kwa walioko Ulaya, na kwa walioko katika nchi chache zilizofunga nayo makubaliano. Mauritius imo. Tanzania haimo. Aliyeanza kupokea pensheni kamili ya msingi mwaka 2010 akiwa anaishi Tanga alianza na pauni 97.65 kwa wiki, na leo ni hizo hizo. Mwenzake aliyehamia Mauritius mwaka ule ule, katika mwaka wa fedha 2025/26 alikuwa anapata pauni 176.45. Mchele umepanda, LUKU imepanda, dawa zimepanda, fungu lake limesimama. Hili naliona ni dhuluma kwa mtu aliyechangia miaka yote, na ni kikwazo ambacho hata tukipanda maua barabara nzima ya Raskazone hatutakiondoa, maana ufunguo wake uko London.

Lakini tabu yake isiwe sababu ya wewe kufanya kazi bila karatasi. Mwombe mkataba wa maandishi wenye mshahara, siku ya mapumziko na likizo, na akuandikishe NSSF. Kama hana uwezo wa mshahara wa zamani, apunguze saa zako ili upate kibarua kingine cha nusu siku. Hayo mnaweza kuyazungumza kwa adabu, na mtu mwema atakuelewa.

Ahadi ya mdomo juu ya vitu vyake haitakusaidia. Siku akifariki watakuja watoto wake, au wakili wao, na wewe ndiye uliyeshika funguo, ndiye wa kwanza kuulizwa kilichopungua. Kama anataka kukuachia kitu, aandike wosia kwa mwanasheria, mbele ya mashahidi wawili, na wewe usiwe mmoja wao, kwa sababu shahidi anaweza kupoteza kile alichoachiwa. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanahifadhi wosia, ada yake waulize ofisini kwao. Aeleze humo pia anataka kuzikwa wapi, hapa au kwao, na fedha za kumsafirisha zitatoka wapi. Tumeshaona mtaa mzima ukichangishana kwa ajili ya mgeni ambaye familia yake haikupatikana.

Kuna karatasi nyingine ya kumkumbusha. Wanaolipa pensheni hutuma fomu ya kuthibitisha kwamba mtu yu hai, naye lazima aijaze, ishuhudiwe na kurudishwa. Fomu ikilala kwenye sanduku la posta, malipo yanasimama. Jua namba ya sanduku lake, nenda ukaangalie mara kwa mara, na ukiiona ipeleke mezani kwake siku hiyo hiyo.